Hesabu Ubongoni, Magurudumu Mchangani

Katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe, mbuzi na ngamia katika Afrika ya Mashariki, iko desturi ya biashara ambayo mgeni aweza kuitazama asubuhi nzima asiielewe: muuzaji na dalali husimama bega kwa bega, wakapeana mikono ya kuume, kisha wakaifunika mikono hiyo kwa shuka au kwa ncha ya kilemba, na chini ya kitambaa hicho, pasipo mdomo kufunguka, bei hupandishwa na kuteremshwa kwa vidole. Kidole kimoja kikishikwa ni moja, viwili vikishikwa ni mbili, na mkono wote ukikamatwa ni tano. Kama kidole ni cha mamia au cha maelfu hapana haja ya kusema, kwa kuwa mnyama mwenyewe amesimama hapo na kila mjuzi wa soko aijua daraja yake. Waliowazunguka huona shuka ikitikisika tu. Hatimaye mikono huachana, na mali imekwisha kupata bei yake bila ya mpita njia yeyote kujua ni kiasi gani.

Naitaja desturi hii ya madalali wa Kisomali, ambayo ina ndugu zake katika biashara za kale za pwani ya Bahari ya Sham na Ghuba, kwa sababu ndani yake zimekutana hesabu, vidole, na nia iliyositiriwa isionekane na macho ya watu, na mambo hayo matatu ndiyo ambayo wataalamu wa ubongo wameyakuta yakikaa ujirani ndani ya fuvu la binadamu. Kutokana na ujirani huo imezuka elimu ambayo leo humwezesha mtu asiyeweza kuinua hata kidole kimoja kuongoza kiti cha magurudumu kwa kufanya hesabu ya kutoa moyoni mwake. Elimu hiyo imekulia mbali, Ulaya, Marekani na Japani. Walakini mambo yanayoihusu yako Garissa kwa wingi kuliko watu wanavyodhani, na haja yake iko Garissa pia.

Mwanzo wa maarifa haya ulikuwa msiba. Mwaka 1919 tabibu wa Uswidi aliyeitwa Salomon Henschen, baada ya kukusanya habari za wagonjwa wengi walioumia ubongo, alibaini kuwa wako waliopotewa na uwezo wa kuhesabu ilhali usemi wao na fahamu zao zimesalia, akaupa upungufu huo jina la akalkulia. Miaka mitano baadaye, mjini Vienna, tabibu Josef Gerstmann alieleza habari za mwanamke ambaye hakuweza kuvitambua vidole vyake mwenyewe: akiambiwa aonyeshe cha shahada au cha pete, alivitazama akababaika, wala mkono wenyewe haukuwa na kasoro yoyote. Kadiri Gerstmann alivyowachunguza wagonjwa wa namna hiyo ndivyo alivyoona kwamba mambo manne yaweza kupotea kwa pamoja, yaani kuvijua vidole, kupambanua kuume na kushoto, kuandika, na kuhesabu. Na kwamba jeraha liyafutalo yote manne huwa mahali pamoja, upande wa kushoto wa ubongo, juu kidogo na nyuma ya sikio.

Wako walimu ambao hata leo humkemea mtoto akihesabu kwa vidole, wakiona ni dalili ya uzito wa akili. Mimi naona wanakemea jambo ambalo maumbile yenyewe yameliweka. Mwislamu amalizapo sala akaleta uradi kwa pingili za vidole, mara 33, na 33, na 34 hata ikatimia mia, hakosi kufika kwenye idadi, ijapokuwa moyo wake umeshughulika na dhikri wala si na hesabu, maana vidole vimechukua sehemu ya kazi ya kichwa. Dalali wa Garissa naye, ambaye huenda hakuwahi kuketi darasani, huyaongoza mamia ya maelfu ya shilingi kwa viungo hivyo hivyo.

Siku hizi hapana haja ya kungoja mtu aumie ndipo ubongo ujulikane. Ziko mashine zinazopiga picha kwa nguvu ya sumaku, zikaonyesha damu inakimbilia wapi mtu anapofikiri. Na Mfaransa Stanislas Dehaene, ambaye kitabu chake mashuhuri juu ya hisi ya hesabu kilitoka mwaka 1997, ni mmoja wa wale waliotubainishia kwamba kila tunapopima ukubwa wa idadi, ikiwa idadi hiyo tumeiona kwa nukta, kwa tarakimu au kwa maneno, hushughulika bonde jembamba lililo katika sehemu ya juu na ya nyuma ya ubongo, pande zote mbili za kichwa. Bonde hilo limepakana na sehemu zinazouongoza mkono unaponyooshwa kushika kitu, na jicho linapohama kutoka mahali hata mahali. Idadi, mkono na mahali vimepewa makao ya karibu.

Si kila hesabu, hata hivyo, hufanyika hapo kwa namna moja. Jedwali la kuzidisha, ambalo watoto hulikariri darasani kwa sauti moja, huhifadhiwa zaidi katika njia za lugha, pamoja na mambo mengine yaliyowekwa kwa ulimi. Ilhali kutoa, kwa kuwa hapana mtu aliyeyahifadhi majibu yake yote, humlazimu mtu apime idadi upya kila mara. Kwa sababu hiyo wako wagonjwa wa kiharusi waliosahau saba mara nane lakini wakaweza kutoa bila ya taabu, na wako wengine ambao hali yao ni kinyume kabisa, wanakariri jedwali vizuri ila wakiulizwa ni namba gani iliyo baina ya mbili na nne hutatizika. Msomaji na aikumbuke tofauti hii ya kutoa na kuzidisha, maana kutoa kutarudi mbele tutakapofika kwenye viti.

Wala hisi hii ya idadi hakupewa mwanadamu peke yake. Mwaka 1994 Karen McComb na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika mbuga ya Serengeti, ambako waliwapigia simba jike sauti zilizonaswa za simba wageni wakinguruma, mara sauti ya mmoja, mara sauti za watatu kwa pamoja. Waliposikia mmoja walimwendea kwa haraka. Waliposikia watatu walisita, wakaenda ama wakakaa kwa kadiri ya wingi wao wenyewe, kundi kubwa likithubutu na dogo likijihadhari. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya jaribio la namna hiyo lililofanyiwa fisi wa Maasai Mara: idadi ya sauti za fisi wasiojulikana ilipoongezeka, nao waliongeza tahadhari. Na katika mwaka 1992 Karen Wynn alionyesha kwamba mtoto mchanga wa miezi mitano, akiwekewa kikaragosi kimoja nyuma ya pazia, kisha cha pili, na pazia likifunuliwa akaona kimoja tu, hukikodolea macho kwa muda mrefu kuliko desturi, kana kwamba amedhulumiwa. Mpaka kufikia tatu au nne jicho hujua kwa yakini; kupita hapo, mtu asiyehesabu hukadiria tu, na makadirio yake huwa mazuri pale idadi mbili zinapoachana sana, yakawa mabaya zinapokaribiana. Kumi na ishirini hapana asiyezipambanua, bali kumi na tisa na ishirini zahitaji kuhesabiwa.

Hapa nina neno juu ya wafugaji. Mara nyingi husimuliwa, na wageni huandika kwa mshangao, kuwa mchungaji wa kaskazini hutupa jicho moja juu ya kundi la mbuzi wanaorejea magharibi akajua papo hapo kuwa mmoja hayupo, naye hakuhesabu. Ni kweli hakuhesabu, lakini wala hakukadiria. Amemjua kila mbuzi kwa rangi yake, kwa pembe yake, kwa mama yake na kwa mahali apendapo kutembea ndani ya kundi, na aliyekosekana ni nafsi wala si tarakimu. Kumsifu kwa kipaji cha hesabu ni kumsifu kwa jambo asilolifanya na kumnyima sifa ya lile alifanyalo. Hesabu yake iko kwingine, nayo ni ya kitaalamu: katika zaka, ambapo ngamia watano hutolewa mbuzi mmoja na kumi hutolewa wawili, ng'ombe 30 hutolewa ndama wa mwaka, na mbuzi kuanzia 40 hata 120 hutolewa mmoja tu, akizidi hata mmoja juu ya 120 ndipo huwa wawili. Mtu azihifadhiye daraja hizo na kuzitumia juu ya mali inayozaa, inayokufa na inayouzwa kila mwezi hahitaji kufundishwa na yeyote kwamba namba ni kitu cha maisha.

Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti wote huu ni la lugha, kwa kuwa ni jambo la Garissa hasa. Mwaka 1999 Dehaene, pamoja na Elizabeth Spelke na wengine, waliwachukua watu wajuao Kirusi na Kiingereza, wakawafundisha hesabu mpya za kujumlisha kwa lugha moja, kisha wakawapima kwa lugha zote mbili. Ilipotakiwa jawabu kamili, watu hao walichelewa wakiulizwa kwa lugha ambayo hawakufundishiwa. Ilipotakiwa makadirio tu, lugha haikuwa na athari. Yaani makadirio ni mali ya kila ulimi, lakini hesabu kamili hubakia na harufu ya lugha iliyokuja nayo. Sasa mtazame mtoto wa mjini Garissa, ambaye nyumbani huhesabu kwa Kisomali, na duksini, yaani chuo cha Kurani, mbele ya ubao wake wa kuandikia aya, hukutana na Kiarabu, na shuleni hupewa Kiswahili na Kiingereza, naye hutahiniwa hesabu kwa Kiingereza pekee. Akichelewa kujibu, mwalimu huandika kuwa hajui. Na huenda jawabu lake liko kamili, ila limo katika chumba kingine cha nyumba ile ile.

Tena iko habari ya kuume na kushoto. Watafiti Shaki, Fischer na Petrusic walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wa Kanada, wasomao kutoka kushoto, hujibu upesi kwa mkono wa kushoto namba zikiwa ndogo na kwa mkono wa kuume zikiwa kubwa, kana kwamba namba zimepangwa mstarini vichwani mwao. Bali Wapalestina, wasomao kutoka kuume, mstari wao umegeuka. Mtoto wetu husoma juzuu alfajiri kutoka kuume na kitabu cha shule saa mbili baadaye kutoka kushoto. Mstari wake wa namba umeelekea wapi? Swali hilo si la mchezo, kwa sababu zipo mashine zinazongoja kuongozwa kwa fikira za kuume, za kushoto na za hesabu.

Mashine hizo zina asili ya karne moja. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger, katika mji wa Jena, alifaulu kuandikisha umeme utokao katika ubongo wa mtu kupitia kichwa chake, akautangaza ulimwenguni mwaka 1929. Umeme huo ni hafifu mno, hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, na ukifika juu ya ngozi ya kichwa umekwisha kupita katika mfupa na maji hata ukachanganyika, kiasi kwamba hapana awezaye kusoma ndani yake neno wala siri ya mtu. Lakini aina ya kazi ifanywayo na ubongo hudhihirika. Mwaka 1990 Zachary Keirn na Jorge Aunon, huko Marekani, waliwapa watu kazi tano za kufanya kimya kimya: kutulia, kutunga barua moyoni, kuzungusha umbo katika fikira, kuzidisha namba, na kuziona namba zikiandikwa moja baada ya moja juu ya ubao usiokuwapo. Mawimbi ya kazi hizo yaliweza kutenganishwa na kompyuta. Na mtu akishaweza kuchagua kazi moja kati ya tano, amepata amri tano.

Ndivyo kutoa kulivyoingia katika habari ya viti. José del R. Millán na wenzake, walipofanya kazi nchini Uswisi, walitangaza mwaka 2004 kwamba watu wawili walikuwa wamejifunza kukiongoza chombo kidogo chenye magurudumu, kikapita kutoka chumba hata chumba katika mfano wa nyumba, kwa kubadilisha fikira tu. Miongoni mwa fikira ambazo wanafunzi hao waliruhusiwa kuchagua kulikuwa na kuuwazia mkono wa kushoto au wa kuume ukitikisika, kuzungusha umbo la mchemraba, kutafuta maneno yanayofuatana, na kutoa namba kutoka namba. Kompyuta haitambui kwamba mia ukiondoa saba ni 93, wala haijali kama mwenye kutoa amekosea. Inachotambua ni kuwa kazi ya kutoa imeanza, na kwamba kwa mkataba uliofanywa tangu mwanzo kazi hiyo maana yake ni kwenda mahali fulani. Dalali na muuzaji chini ya shuka wana mkataba wa namna hiyo hiyo.

Walakini amri tatu au nne, zinazofika kwa kuchelewa na mara nyingine kwa makosa, hazitoshi kukipitisha kiti mlangoni. Kwa hiyo kiti chenyewe hupewa akili yake. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliundwa kiti kilichoitwa NavChair, ambacho kilipima umbali wa kuta na vikwazo kwa mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio la mtu, kikajua kupunguza mwendo, kupita mlangoni, na kufuata ukuta. Mwaka 2009 watafiti wa Zaragoza, Hispania, wakaonyesha kiti kiongozwacho kwa mawimbi ya ubongo na kusaidiwa na leza inayotazama njia. Na mwaka huo huo Toyota pamoja na taasisi ya RIKEN ya Japani walitangaza kiti kinachoipambanua fikira ya mwendeshaji kwa sehemu ya nane ya sekunde moja, ambacho, kwa ajili ya usalama, husimamishwa kwa mwendeshaji kufura shavu. Ugawanyaji huu wa kazi kati ya mtu na chombo kila mkaazi wa Garissa anaujua, kwa kuwa mwenye mkokoteni wa punda achukuaye maji kutoka Mto Tana haelekezi kila hatua ya kwato: yeye husema twende wapi, na punda hujua kukwepa shimo. Mtu hutoa nia, na kiti hutafuta hatua.

Jaribio moja la hivi karibuni laonyesha pia kuwa mashine peke yake haijifunzi kwa niaba ya mtu. Mwaka 2022 kundi la Millán, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, lilieleza habari za watu watatu waliopooza mikono na miguu, waliofundishwa kwa muda mrefu kuongoza kiti kwa kuwazia viungo vyao vikitikisika. Katika masomo ya kwanza amri zao zilisibu kwa asilimia 43 hadi 55 tu, jambo lisilotofautiana sana na kubahatisha. Lakini wawili kati yao, kwa kuendelea kujizoeza, walipita asilimia 95, wakaweza kukipitisha kiti katika chumba kilichojaa vizuizi, na ubongo wao wenyewe ulionekana kubadilika kwa mazoezi hayo. Wa tatu hakuendelea kama wenzake. Naheshimu watafiti walioiandika habari ya wa tatu pamoja na ya wale wawili.

Sasa na tushuke mchangani. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kaunti ya Garissa kuwa na watu 841,353. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, lilikadiria kuwa mtu mmoja katika kila mia huhitaji kiti cha magurudumu. Kwa kipimo hicho, Garissa ingehitaji viti zaidi ya 8,000. Kaunti hii ina sababu zake za ziada. Polio, baada ya nchi kukaa bila kisa zaidi ya miaka 20, ilirudi mwaka 2006 kupitia kambi za Dadaab, ambazo zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Na mwaka 2013 mlipuko mwingine uliwapooza watu 14, kitovu chake kikiwa Garissa hii hii. Ajali za magari katika njia ndefu ya kwenda Nairobi zina fungu lao. Na risasi zina lake, mji ukiwa haujasahau tarehe 2 Aprili 2015, siku waliyouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengine wengi wakaachwa na majeraha ya kudumu.

Kiti kinachofika mikononi mwa watu hawa mara nyingi ni kile cha hospitali, kilichoundwa kusukumwa juu ya sakafu ya saruji. Kitoe nje ya lami, ukiingize katika vichochoro vya bulla, yaani mtaa, wowote mjini, utaona magurudumu yake madogo ya mbele yakizama mchangani mpaka kwenye ekseli, na kiti kikainama mbele kama kinataka kumwaga kilichobeba. Ukikivuta kinyumenyume, mzigo wote ukiwa juu ya magurudumu makubwa, kitapita, lakini aliyekalia ataisafiri safari yake akitazama alikotoka. Fauka ya hayo iko miiba ya mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa nakama ya malisho: mwiba wake hupenya tairi ya upepo, na tairi ngumu isiyopenywa huwa nyembamba na kuzama zaidi. Mtu mwenye mikono mizima, anayeweza kutengeneza panchari kwa kibandiko na gundi ya baiskeli, hutumia robo ya siku kwa jambo ambalo mwenye miguu halijui.

Kwa sababu hii naona viti vyenye akili vimeanza kwetu kabla ya kompyuta. Amos Winter, aliyekuja Tanzania mwaka 2005 akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani kuchunguza hali ya viti, alirudi akaunda na wenzake kiti cha magurudumu matatu kiendeshwacho kwa kusukuma mitaimbo miwili, na mnamo 2009 kikajaribiwa katika nchi za Afrika ya Mashariki, Kenya ikiwamo. Hekima yake ni ndogo kuieleza na kubwa kuitumia: mwendeshaji akiushika mtaimbo juu, apata nguvu nyingi na mwendo mdogo, basi atatoka mchangani, akiushika chini karibu na mhimili, apata mwendo mwingi juu ya njia ngumu. Gia ni mkono wa mtu mwenyewe. Gurudumu la mbele limewekwa mbali ili kiti kisipinduke, mitaimbo hutoka mtu aingiapo ndani ya nyumba, na vipande vinavyochakaa ni vya baiskeli, ambavyo kila duka la fundi linavyo. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimeunda viti katika karakana zake kwa miaka mingi. Na fundi kijana Lincoln Wamae ameandikwa magazetini kwa kuunda viti vya umeme kutokana na vyuma chakavu na betri za kompyuta za mkononi zilizokwisha kutupwa. Umeme wenyewe Garissa hauukosi, maana mtambo wake wa jua, uliofunguliwa Desemba 2019, hutoa zaidi ya megawati 50.

Ila gia ya mkono ni ya mwenye mkono. Aliyevunjika shingo, ambaye amri yake haishuki chini ya mabega, mtaimbo haumfai, na kwake yeye utafiti wa mawimbi ya ubongo si anasa ya nchi tajiri. Ni mlango pekee uliobaki. Kama mlango huo utafunguliwa Garissa, kuna mambo ambayo maabara za Uswisi na Texas hazikulazimika kuyawaza. Joto la mji huu hupita mara nyingi nyuzi 35, na jasho la kichwani huvuruga umeme hafifu unaotafutwa na vinasio, yaani vidude vinasavyo umeme wa ubongo, basi kofia ya vinasio iliyojaribiwa katika chumba cha kipupwe yaweza kusema uongo chini ya jua la saa saba. Mwanamke mwenye kujisitiri hatamvulia ushungi fundi wa kiume, kwa hiyo mafundi wa kike hawana budi kufunzwa tangu mwanzo wala si baada ya malalamiko. Leza inayopima njia imezoea kuta zilizonyooka, na haijui kupambanua kichaka cha kuzungukwa na ua wa miiba wa kutorukwa. Na atakayeambiwa atoe saba kutoka mia, kisha saba tena, aambiwe kwa lugha ipi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vitakavyomwezesha kuyashinda mapingamizi ya ulemavu wake, na haki hiyo haikuandikiwa watu wa miji yenye lami tu. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Moi na kupewa hati yake kamili mwaka 2017, kiko katikati ya watu ambao vichwa vyao vina lugha nne na maandishi ya pande mbili, watu ambao takriban vitabu vyote vya elimu ya hesabu ubongoni viliandikwa bila ya wao kuulizwa. Mashine ya sumaku ni ghali, na kofia ya vinasio yaweza kungoja bajeti. Lakini jaribio la Spelke na Dehaene, katika sehemu yake ya kwanza, halikuhitaji hata moja kati ya hivyo. Lilihitaji orodha za hesabu za kujumlisha, kipimo cha kuhesabia sehemu za sekunde, na mwalimu awezaye kuuliza swali lile lile kwa Kisomali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na walimu wa namna hiyo wanaingia madarasani Garissa kila asubuhi.